Folda ya Sauti ya Bi Shutu

Siku ya Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, Mwanasha binti Mwero aliandika katika daftari lake: "Jaribio la saba. Imekataa." Akapiga mstari chini ya neno la mwisho kwa rula, akailaza kalamu sambamba na ukingo wa meza, kisha akaitazama skrini kana kwamba sasa ingeona haya.

Skrini haikuona haya. Maneno mawili ya Kiingereza yalikuwa pale pale alipoyaacha, meupe juu ya dirisha jeusi la amri: Permission denied. Ruhusa imekataliwa.

Mwanasha alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Alisomea kompyuta katika chuo cha ufundi huko Kwale, akatoka na cheti pamoja na mazoea ya kuandika kila amri aliyoiingiza, saa aliyoiingiza na jibu alilopewa. Hakuwa msemaji. Wateja waliofika katika kituo kile kidogo nyuma ya soko la Msambweni, wakitafuta kiti cha magurudumu au fimbo ya kutembelea au kifaa cha kusikizia, walimzoea kuwa ni yule binti anayeuliza swali moja, akaandika, akauliza la pili. Mwaka huu kituo kilipata pia laptopu tatu kuukuu za msaada. Zilikuwa nzito na za zamani, kwa hiyo ziliwekewa Linux, mfumo mwepesi wa kompyuta ambao hauwachoshi wazee.

Meza ile aliirithi kwa Iddi, fundi aliyemtangulia, ambaye alipata kazi katika hoteli moja huko Chale. Iddi alimwachia shada la funguo, kikombe kilichokatika mkono, na fundisho moja.

"Ukitaka mashine hizi zikutii," alimwambia siku ya kuagana, "kila amri uianze na sudo. Kila amri, Mwanasha. Kwani wewe huanza kula bila ya kusema bismillahi?"

"Sianzi."

"Basi ndivyo hivyo."

Mwanasha aliliandika fundisho hilo katika ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa wino mwekundu. Neno sudo huiambia mashine imtii mtu kama inavyomtii mkubwa wake mwenyewe, ambaye mashine humwita root, na root hakatazwi kitu. Kwa miezi mitano Mwanasha hakuacha kulitanguliza hata siku moja. Lilimwingia mkononi kama bismillahi ilivyomwingia mdomoni: vidole vilikwisha kuliandika kabla kichwa hakijajua kitaagiza nini. Mashine ikiuliza neno la siri, alilitoa, na kazi iliendelea.

Sasa kazi haikuendelea. Katika laptopu iliyokuwa mezani, mtumiaji alisajiliwa kwa jina la shutu. Katika nyumba ya mtumiaji huyo, yaani mahali ambapo mashine humwekea kila mtu vitu vyake, Mwanasha alitengeneza folda aliyoiita sauti. Katika folda hiyo alipakua programu ya kusoma kwa sauti ya Kiswahili maneno yoyote yanayochapwa. Programu ilikuwamo. Aliiona. Ila haikukubali kusema.

Na ilitakiwa iseme kabla ya Alhamisi alasiri.

Bi Shutu alipokea simu katika hoteli ya Diani kwa muda wa miaka ishirini na miwili. Watu ambao hawakupata kumwona uso waliijua sauti yake. Wageni waliorudi kwao Ulaya walipiga simu wakati mwingine kwa ajili ya kuambiwa tu "karibu sana" na mtu yule yule. Miaka miwili iliyopita madaktari wa Mombasa walikiondoa kikoromeo chake pamoja na ugonjwa uliokuwamo. Walimwachia uhai, na tundu dogo chini ya shingo ambalo alilifunika kwa kitambaa cheupe ndani ya buibui. Tangu hapo akawa anaandika katika kidaftari, na mdogo wake, Jumwa, akiwasomea watu alichokiandika.

Jumwa alimsomea kwa mapenzi makubwa. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Mwanasha aliyajua hayo kwa sababu Bi Shutu mwenyewe alimwandikia, kurasa mbili nzima, siku alipofika kituoni. Binti yake, Riziki, alichumbiwa na kijana wa Funzi. Watu wa kijana walipokuja mara ya kwanza kujitambulisha, Bi Shutu aliandika swali: "Mwanangu amebakisha mwaka mmoja chuoni, anasomea uuguzi. Je, mtamwacha amalize?" Akampa Jumwa kidaftari.

Jumwa alisoma kimoyomoyo, akatabasamu, akawageukia wageni. "Dada yangu anasema amefurahi mno kuwaona," akasema, "na chai isipoe."

Bi Shutu aliandika tena, kwa herufi kubwa, akachora mstari.

"Anasema na mandazi pia yapo," Jumwa akawafahamisha.

Mwanasha aliposoma hapo aliuma mdomo wake wa chini, akainamisha kichwa. Siku ya pili yake Jumwa naye alipita kituoni kumletea dada yake dawa, akajitetea bila ya kuulizwa. "Mwanangu, kikao cha kwanza watu hawahojiwi kama wezi. Mimi nimemsitiri dada yangu. Kesho na keshokutwa angelaumiwa nani?"

Kikao cha pili ndicho cha posa yenyewe, na kilipangwa Alhamisi baada ya alasiri. Baba yake Riziki alikwisha kufariki. Ami yake ndiye walii, msimamizi wa ndoa yake, naye alisema kwamba mambo ya chuo ni maneno ya akina mama. Riziki mwenyewe, kwa desturi, hangekaa kikaoni. Posa ikishaitikiwa, swali hilo halingekuwa na mahali tena. Bi Shutu alimaliza kurasa zake mbili hivi: "Alhamisi nataka kuuliza mwenyewe. Usiponipa sauti, Jumwa atawapa chai."

Walijaribu kwanza simu ya Riziki. Simu ilisoma maneno ya mama yake kama mtalii anayesoma orodha ya vyakula, na neno "mwanangu" likatoka kama jina la mji wa mbali. Bi Shutu aliisukuma pembeni kwa kidole kimoja.

Kwa hiyo ikabaki laptopu.

Kilichomtatiza Mwanasha si kule kukataliwa peke yake. Kukataliwa angelielewa. Tatizo ni kwamba mashine ilikuwa na majibu mawili, na yote mawili hayakumfaa. Alipobofya alama ya programu, kama Bi Shutu atakavyobofya mwenyewe, ilisema ruhusa imekataliwa. Alipoiendesha kwa amri, akaanza na sudo, haikulalamika hata kidogo. Ilipokea sentensi, ikatulia sekunde tatu, ikasema imemaliza kusoma. Katika sekunde zile tatu hakikusikika kitu isipokuwa feni ya laptopu na mwanamke mmoja sokoni akiuza mchicha.

Alidhani spika zimekufa. Akafungulia qaswida, na qaswida ikalia mpaka mlinzi wa kituo akaingia kuuliza kama leo kuna maulidi.

"Hakuna, kaka. Naijaribu mashine."

"Inaimba vizuri," mlinzi akasema. "Tatizo lake nini?"

Mwanasha hakujua tatizo lake nini. Akiomba kwa jina la Shutu, alifukuzwa mlangoni. Akiomba kwa jina la mkubwa, alikaribishwa ndani, akakuta nyumba imenyamaza.

Alifuta folda yote akaanza upya. Hata kule kufuta kulikataa mpaka alipotanguliza sudo, jambo lililopaswa kumshtua, lakini yeye aliliandika tu na kuendelea. Akatengeneza folda mpya, kwa sudo. Akapakua programu upya, kwa sudo. Kulikuwa na amri moja ya kuiruhusu iendeshwe na mwenyewe, yaani mwenye faili. Akaiingiza, kwa sudo. Kila kitu kilikwenda sawasawa kama alivyofundishwa, na mwisho wake ukawa ule ule. Adhana ya adhuhuri ilimkuta katika jaribio la kumi na moja.

Baada ya swala alimpigia Iddi simu.

"Waalaykumu salaam, Mwanasha! Habari za kituoni? Kikombe changu kipo?"

"Kipo. Iddi, kuna programu inakataa ruhusa."

"Umeanza na sudo?"

"Nimeanza."

"Kila amri?"

"Kila amri."

"Basi iko sawa."

"Haiko sawa. Haitoi sauti."

Upande wa Iddi zilisikika sahani zikigongana. "Labda spika."

"Spika zinaimba qaswida."

"Basi labda..." Iddi alifikiri, au alijifanya anafikiri. "Mwanasha, naitwa na mkubwa. Zima, uiwashe."

Mwanasha aliandika: "Iddi: zima, washa." Akazima, akawasha, akaandika pembeni: "Imekataa." Akakaa akiyatazama maandishi yake mwenyewe, safi, yaliyopangika, kila moja na saa yake, bila ya kuona ndani yake hata njia moja ya kutokea.

Jumatano aliipeleka laptopu Ukunda, kwa Munyoki. Huyu alikuwa kijana wa Kikamba ambaye wazee wake walipewa shamba upande wa Shimba Hills, naye akaliacha shamba akafungua kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta kando ya barabara ya Diani.

"Sasa, sister?"

"Salama. Habari za asubuhi? Za kazi? Nyumbani hawajambo?"

Munyoki alicheka. "Wewe ni wa Msambweni, hiyo hata huhitaji kuniambia. Leta mashine kabla hujaniuliza habari za kuku."

Mwanasha aliiweka laptopu juu ya kaunta. Munyoki alichapa haraka haraka, kidole chake kidogo kikiwa angani, akapiga mluzi.

"Ah, hii ni simple. Ni permission tu. Nakuwekea saba saba saba, tumemaliza, unaenda."

"Saba saba saba ni nini?"

"Ni kufungua yote. Hakuna kukataliwa tena. Wewe, mimi, watchman, mbuzi wa jirani, kila mtu anaingia. Anasoma, anaandika, anabadilisha."

"Anabadilisha?"

"Eeh. Si ndiyo maana ya kufungua?"

Mwanasha aliuweka mkono wake juu ya vitufe, taratibu, kama mtu anayefunika sahani ya chakula. "Hapana. Usiweke."

"Kwa nini?"

"Maneno ya Bi Shutu ya posa ya binti yake yatakuwa humo. Sitaki mtu aweze kuyabadilisha."

Munyoki alimtazama, akaitazama laptopu, na kibandiko chake cha buluu cha kituo kilichokwisha kuchanika pembe. "Sister, huyu ni mama anapanga harusi. Si Benki Kuu."

"Naelewa."

"Huelewi, kwa sababu una dawa mbele yako na unaikataa."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomchanganya Mwanasha siku nzima. Alimshukuru Munyoki, akafunga laptopu, akaondoka. Alijua kwamba hakutaka mlango uvunjwe. Ila hakuweza kusema mlango ulikuwa umefungwa na nani, wala kwa nini Shutu alifungiwa nje ya nyumba iliyoandikwa jina lake. Alikaa katika ukumbi wa kituo mpaka saa kumi na moja, akaongeza majaribio saba, yote kwa wino wa buluu, yote yakiishia kwa neno lile lile. Jioni aliyahesabu. Yalikuwa kumi na tisa.

Alhamisi, saa nne, Bi Shutu alibisha hodi kwa kugonga mlango mara tatu. Alikuwa amekwisha kujitayarisha: buibui jipya, kitambaa cha shingoni kilichopigwa pasi, na mkononi bakuli la visheti lililofunikwa kwa leso.

"Shikamoo, Bi Shutu."

Bi Shutu aliinamisha kichwa na kuweka kiganja kifuani. Hiyo ndiyo ilikuwa marahaba yake. Akakaa, akaitazama laptopu, kisha akamtazama Mwanasha.

Mwanasha alisimama mikono nyuma, kama mwanafunzi. "Mama, nimejaribu mara kumi na tisa," akasema. "Sijui kosa liko wapi. Nimefuata kila nilichofundishwa. Niwie radhi."

Ilimwia vigumu kuyasema maneno hayo, maana hakuyazoea. Bi Shutu alichukua kidaftari. Hakuandika lawama. Aliandika: "Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, mama? Hakuna cha kuonyesha."

Bi Shutu aligonga neno lile kwa ncha ya kalamu.

Mwanasha alikaa, akafungua lile dirisha jeusi, na kwa kuwa hakujua aanzie wapi, akaandika amri ya kuorodhesha vitu vyote vya folda kwa kirefu. Mistari ikateremka skrini: herufi za ruhusa, jina la mwenyewe, ukubwa, tarehe, jina la faili. Alikwisha kuiona orodha ile mara nyingi. Kila mara macho yake yalikwenda mwisho wa mstari, kwenye jina la faili, kuhakikisha kwamba faili ipo.

Bi Shutu alivaa miwani. Alipitisha kidole kwenye skrini bila ya kuigusa, mstari kwa mstari, kutoka juu mpaka chini, kama alivyopitisha kidole kwenye orodha ya wageni kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili. Kidole kikasimama katikati. Akaandika: "Huyu root ni nani?"

"Ni mkubwa wa mashine, mama."

"Yuko chumba gani?"

"Hana chumba. Ana funguo za vyumba vyote."

Bi Shutu aliandika kwa muda, akakigeuza kidaftari. "Umesema hiki ni chumba changu. Mizigo yote iliyomo ina jina lake. Mimi nitaifunguaje?"

Mwanasha aliyasoma maneno hayo. Akaitazama orodha. Root, root, root, root, kutoka juu mpaka chini. Jina la shutu halikuwamo hata mara moja.

Kilichomjia kichwani hakikuwa kompyuta. Alijiona ana miaka saba, kwao Kinango, katika zizi la baba yake. Mlikuwa na mbuzi mmoja jike mwenye pengo katika sikio la kushoto. Alikuwa wa Samuel, jirani yao wa upande wa kanisani, aliyemweka mbuzi huyo kwa Mwero amchungie baada ya ukame, kama watu wa kule wanavyowekeana mifugo. Mwanasha ndiye aliyemtekea maji. Ndiye aliyekuwapo alipozaa, na mtoto akaangukia miguuni pake, katika zizi lao, juu ya majani aliyoyakata yeye. Siku chache baadaye baba yake alikuja na kisu kidogo, akamshika yule mtoto, akamkata pengo katika sikio la kushoto.

"Baba, huyu ni wetu! Amezaliwa kwetu!"

"Amezaliwa kwetu," Mwero alisema, "lakini aliyemzaa ni wa Samuel."

Mwanasha alilia siku ile mpaka akashindwa kula. Kwao hawakupata kumchinja mtoto yule, wala kumuuza, wala kumpa mtu. Mbuzi huyo alilala kwao, akanywa maji yao, na sikio lake lilikuwa la Samuel.

Mwanasha alilivuta daftari lake. Alifungua ukurasa wa kwanza, akasoma wino mwekundu. Kisha akaanza kupitia majaribio yote kumi na tisa, kidole juu ya neno la kwanza la kila mstari. Sudo, tengeneza folda. Sudo, pakua. Sudo, ruhusu mwenyewe aendeshe. Kila alipolitaja neno lile, hakuwa Shutu aliyetengeneza wala Shutu aliyepakua. Alikuwa root, na kila kilichozaliwa kilizaliwa na sikio la root, ijapokuwa kilizaliwa nyumbani kwa Shutu. Alimruhusu mwenyewe aiendeshe programu, ndiyo. Hakujua kwamba mwenyewe aliyemruhusu hakuwa huyu aliyeketi mbele yake na visheti.

"Ni mimi," akasema.

Bi Shutu alinyanyua nyusi.

"Ni mimi niliyemwita, mama. Kila mara. Nilidhani ni adabu."

Fundisho la Iddi halikuwa la uongo, aliliona hilo pia. Iddi alishughulika na programu za kituo kizima, zinazokaa katika ghala la mashine na kutumiwa na kila mtu. Huko mkubwa lazima aitwe. Hakuwahi kumtengenezea mtu mmoja kitu chake mwenyewe. Na kuhusu ile nyumba iliyonyamaza, Mwanasha alielewa nusu tu: spika zilikabidhiwa aliyeingia kwa jina lake na kuketi, naye ni Shutu, kwa hiyo root alisoma mahali ambapo hapana spika. Aliandika hayo, na mbele yake akaandika "nadhani".

Kisha akaliandika neno sudo mara moja ya mwisho, maana mali ya mkubwa haihamishwi na mwingine isipokuwa yeye. Baada yake akaandika chown, amri ya kubadilisha mwenyewe, na jina la shutu, na folda pamoja na vyote vilivyomo. Mashine iliuliza neno la siri. Akalitoa. Mashine haikujibu kitu. Akaorodhesha tena, na majina yakateremka: shutu, shutu, shutu, shutu.

Bi Shutu aliligusa jina lake kwenye skrini, na safari hii kidole kiligusa kioo.

"Tujaribu," Mwanasha akasema. Akaweka mikono juu ya vitufe, na vidole vikaandika sudo vyenyewe. Akavisimamisha. Akaifuta herufi moja baada ya nyingine, zote nne, akamsogezea Bi Shutu laptopu. "Bofya wewe, mama. Mwenye nyumba ni wewe."

Bi Shutu alibofya. Dirisha likafunguka bila ya neno. Akachapa kwa vidole vya mtu aliyezoea vitufe, akagonga cha mwisho.

"Jumwa, nyamaza," laptopu ikasema.

Ilikuwa sauti ya mwanamume. Ilikuwa nzito na ya taratibu, kama ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Wote wawili waliitazama mashine. Bi Shutu akachapa tena.

"Nimekuwa mzee wa mtaa."

Mabega ya Bi Shutu yakaanza kutikisika. Kicheko chake hakikuwa na sauti tangu upasuaji, ila machozi yalikuwa yale yale ya zamani, na Mwanasha akajikuta anacheka kwa wawili.

"Nitakutafutia sauti ya kike wiki ijayo, in sha Allah."

"Iache," ikasema mashine. "Hii wataiogopa."

Baada ya alasiri Mwanasha alikaa mkekani karibu na mlango, nyumbani kwa Bi Shutu, aliyemwomba awepo iwapo mashine ingeleta ukaidi. Wageni walikuwa watano. Msemaji wao alikuwa Mzee Boga, mjomba wa kijana, mtu wa kofia iliyofumwa vizuri na maneno yaliyofumwa vizuri zaidi. Alizungumza, ami yake Riziki akamjibu, dua ikasomwa. Nyuma ya pazia wanawake wa jirani walikuwa wakihangaika na vikombe.

"Basi," Mzee Boga akasema, "kama hapana mwenye neno..."

Bi Shutu aliifunua laptopu.

"Dada yangu anasema," Jumwa akaanza upesi, "kwamba amefurahi..."

"Bado sijasema," ikasema sauti nzito.

Jumwa aliganda na mkono wake angani. Mzee Boga aligeuka, akatazama pazia, akatazama dari. "Nani huyo? Kuna mzee mwingine humu?"

"Ni mimi, Shutu. Mwanangu amebakisha mwaka mmoja chuoni. Je, mtamwacha amalize?"

Nyuma ya pazia vikombe vilinyamaza. Mzee Boga alimtazama mwanamke mwenye kitambaa cheupe, naye akamtazama bila ya kupepesa. "In sha Allah, Bi Shutu," akasema. "In sha Allah atamaliza."

Vidole vikachapa. "In sha Allah. Kabla ya harusi, au baada ya wajukuu?"

Mtu alicheka nyuma ya pazia na kuzibwa mdomo. Mzee Boga aliivua kofia yake, akajipangusa paji la uso, akaivaa tena. "Bibi, mimi ni mjumbe," akasema. "Hilo na ajibu kijana mwenyewe." Akatoa simu, akampigia kijana, akaiweka mezani ili wote wasikie. "Uko wapi wewe? Uko bandarini, sawa. Sikiliza, unaulizwa."

Bi Shutu alichapa, akaisogeza laptopu karibu na simu, kama aliyeunganisha simu za watu maisha yake yote. "Riziki atamaliza chuo?"

"Shikamoo, mzee," simu ikajibu kwa heshima.

"Marahaba. Mimi ni mama mkwe."

Ulisikika upepo wa kule Funzi na injini ya boti ikizimwa. "Samahani, mama," kijana akasema. "Atamaliza. Ndivyo tulivyokubaliana mimi na yeye tangu mwezi wa Ramadhani. Harusi ingoje cheti chake. Nilidhani mnajua."

Mzee Boga aliinama juu ya simu. "Mbona hukutuambia?"

"Hamkuniuliza, mjomba."

Watu watano wa Funzi walitazamana. Ami yake Riziki akakohoa, akasema kwamba basi jambo lenyewe ni jepesi, na liandikwe katika maneno ya posa mbele ya mashahidi. Mzee Boga akaitika kwamba litaandikwa. Kalamu pekee iliyokuwa karibu ilikuwa ya Mwanasha. Akaitoa, wakaandika, akaipokea na kuifunika.

Jumwa alikuwa bado ameketi wima kando ya dada yake, mikono mapajani, kama mtu aliyeporwa mzigo alioubeba siku nyingi na bado hajajua mabega ayafanye nini. Bi Shutu alimtazama kwa muda. Kisha akachapa polepole, na mashine ikawageukia wageni kwa sauti yake ya matangazo ya vifo.

"Jumwa anasema mmekaribishwa, na chai isipoe."

Jumwa aliinuka kufuata birika, na njiani kuelekea kwenye pazia alijipangusa macho kwa pembe ya leso.